Zege Lililochelewa Kushika

Koni ya kupimia zege ilipoinuliwa, Dada Koni alikuwa amekwisha kupiga magoti mbele ya bamba la chuma, pumzi kaibana. Zege halikuwa na haraka. Lilijitandaza lenyewe, taratibu, likawa duara, duara likapanuka, likatulia. Akavuta futi kamba akapima huku, akapima na kule. Kisha akashusha uso mpaka pua ikakaribia kugusa, akitafuta ule utepe mwembamba wa maji unaojitokeza pembeni zege linapokataa kushikamana. Haukuwapo. Kokoto nazo zilikuwa zimefika mpaka ukingoni, hakuna zilizobaki katikati zimejikusanya kama watu waliogombana na wenzao.

"Limekubali," akasema, na akajishangaa kwamba moyo wake haukutulia.

"Twende!" akajibu msimamizi.

Msimamizi yule alikuwa na neno hilo moja kwa kila jambo, ndiyo maana mafundi walimwita Twende. Na huyu naye walimwita Dada Koni kwa sababu ya ile koni ya chuma aliyotembea nayo kama wenzake wanavyotembea na mkoba. Kazi yake ilikuwa kuamua nini kiingie kwenye zege na kwa kiasi gani, halafu kusimama getini na kulirudisha gari lolote ambalo zege lake halikumridhisha. Kwa kazi hiyo alikwisha kujipatia maadui wa kutosha kujaza lori.

Watu wengi hudhani zege ni zege: saruji, mchanga, kokoto, maji, koroga, mwaga. Waache wadhani, hawajengi wao. Lakini ukuta uliokuwa unajengwa siku ile ulikuwa wa chumba cha mionzi cha hospitali, chini ya ardhi, na ukuta wa namna hiyo hautaki tundu hata la kupitisha punje ya mchele, maana mionzi haipigi hodi. Ulikuwa mnene, mrefu kuliko ukuta wa nyumba yoyote ya jirani, na ndani yake nondo zimesukwa kama mkeka. Vaibreta, ile mashine ya kutetemesha zege ili lishuke na kujaa, ungeiingiza wapi? Mkono wa mtoto wenyewe usingepita. Kwa hiyo lilihitajika zege linalojua njia. Unalimwaga upande mmoja, lenyewe linatembea, linapenya kwenye nondo, linajaza kona, wala haliguswi na mtu.

Zege la aina hiyo lina tabia za mtoto aliyedekezwa. Lizidishie maji kidogo tu, linaachana, kokoto chini na maji juu. Libanie, linagoma katikati ya nondo na hapo hata ulibembeleze haliendi. Kinacholifanya liteleze bila kuachana ni unga mwingi laini, pamoja na ile dawa ya kulainisha ambayo kikombe chake kimoja kinafanya kazi ya ndoo nzima ya maji. Kwenye kuta za mwanzo Dada Koni alitumia unga wa mawe, na kuta zikatoka nyororo hadi Twende akazipapasa. Halafu mashine ya kusagia mawe kule machimboni ikafa. Unga hakuna.

"Ongeza saruji," Twende alimwambia.

"Niongeze saruji kwenye ukuta mnene hivi? Utachemka ndani kama chungu, ukipoa upasuke. Nyufa utaziziba kwa mate?"

Akachagua majivu ya makaa ya mawe, yale yanayotoka kwenye mitambo ya umeme, laini kama poda. Akayajaribu kwenye banda lake la vipimo asubuhi na mchana. Jamani, yalimfurahisha! Zege likawa linateleza kama mafuta, halitoi maji, halipandi joto. Na kwa kuwa jua lilikuwa kali na magari yalitoka mbali, akaongeza ile dawa kidogo ili lisichoke njiani. Likawa zege zuri kuliko yote aliyowahi kuyapika. Tabia mpya lilikuwa nayo moja tu, uvivu. Lilichelewa mno kushika.

Kwa ukuta, uvivu huo haukuwa na neno. Aliyekuwa na kesi nao ni boksi.

Boksi ni zile mbao zinazolizuia zege mpaka liweze kusimama lenyewe. Zege la kawaida, wakati unamwaga la juu, la chini limeshaanza kukaza na kujibeba, na mbao zinapata nafuu. Zege vivu halijibebi. Lote, toka juu hadi chini, linabaki uji, na uji wote unaziegemea mbao, tena uji mzito kuliko maji zaidi ya mara mbili. Mbao za chini ndizo zinazobebeshwa mzigo wa wote. Kwa hiyo magongo ya kukingia sehemu ya chini yalitakiwa kuongezwa sana, karibu mara mbili ya yale ya kuta za mwanzo. Dada Koni alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Tatizo lilikuwa ni nani amwambie fundi wa boksi.

Fundi wa boksi alikuwa baba mkwe wake.

Mtacheka, lakini subirini kwanza. Mzee yule hakuwa mkali. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi. Alikuwa mpole, mwenye haya zake. Akimwita "mkwe" anaangalia pembeni, na Dada Koni akimwita "baba" anaangalia chini, na maneno yote mazito kati yao yalipita kwa mume. Hata habari ya mapacha mzee aliletewa na mwanawe, ilhali tumbo lenyewe lilikuwa linakaa naye meza moja kila jioni. Kazini nako walijitahidi hivyo hivyo. Mara moja tu Dada Koni alijisahau: kwenye ukuta wa kwanza alisema kwa sauti, mbele ya mafundi, kwamba kona ya boksi inavuja. Na kweli ilikuwa inavuja. Mzee akaenda akaiziba bila neno, na nyumbani akawa kwa muda mrefu anakula mapema, peke yake, akisema hataki kumsumbua mtu. Hakununa, hakulaumu, alikula tu peke yake. Dada Koni aliapa hatarudia.

Basi safari hii alimtuma mume.

"Mwambie baba zege la ukuta huu linachelewa kushika. Aongeze magongo ya chini, mara mbili. Usisahau, tafadhali."

"Nitamwambia," mume alisema huku anavua viatu.

Mume mwenyewe ndiye aliyekuwa anaendesha pampu ya zege. Ukoo mzima shimo moja! Mafundi walikuwa wakitania kwamba ukiolewa kwao unavishwa kofia ngumu badala ya shela.

Basi koni ilipokwisha kukubali, gari la kwanza likamimina, mpira wa pampu ukashtuka kidogo, na zege likaanza kuingia ukutani. Kinachotisha katika zege hili ni ukimya. Zege la kawaida lina kelele zake, vaibreta zinanguruma, watu wanapigiana mayowe, na kelele hizo zinakupa moyo kwamba kazi inafanyika. Hili lilikuwa linaingia na kupanda bila hata kukohoa. Ukichungulia juu unaliona limelala sawasawa, linameta, kama halina habari na mtu.

Dada Koni alikuwa ameweka ndoo moja ya zege la gari la kwanza kivulini, na kila mara anaichoma kwa msumari mrefu. Kwenye kuta za mwanzo, kazi ilipofika katikati, tundu la msumari lilikuwa linabaki wazi. Sasa alichoma, akachomoa, na tundu likajifumba pale pale. Akachoma tena. Likajifumba. Alijua litachelewa, yeye mwenyewe ndiye aliyelipika lichelewe. Lakini kulijua bandani, mbele ya ndoo, ni jambo moja; kulijua wakati ukuta umeshajaa nusu ni jambo lingine kabisa.

Akajituliza. Si mzee ameongeza magongo? Ameongeza. Mume amemwambia, mzee ni mtu wa kazi, ameongeza. Ila mguu haukumsikiliza, ulikuwa unaelekea ujiani kwenda kuhakikisha.

Upande wa ndani wa boksi magongo yalikita kwenye sakafu pana, hayana wasiwasi. Upande wa nje ndio uliokuwa na ujia, kati ya mbao na ukuta wa udongo wa shimo, mwembamba wa kupita mtu mmoja kwa ubavu, na mwisho wake umefungwa. Humo magongo yalikuwa mafupi, yamebanwa kati ya boksi na udongo, kila moja na kabari yake. Dada Koni aliinama mdomoni mwa ujia akachungulia.

Yalikuwa yale yale. Yamepangwa kwa nafasi ile ile ya ukuta wa kwanza na wa pili, kwa unadhifu ule ule wa mzee, wala halikuongezwa hata moja. Na ndani kabisa, mwisho wa ujia, alimwona mzee mwenyewe, kiganja kakiweka kwenye ubao kama mtu anayepima homa ya mtoto. Ndiyo kawaida yake. Zege likiingia, yeye hukaa na boksi lake mpaka mwisho, anapita ubao kwa ubao, akigusa hapa, akigonga kabari pale.

Alitaka kuita. Badala yake akageuka akakimbia kwa mume, na hilo nalo mkalione lilivyo, kwamba mtu yuko hatua chache mbele yako na wewe unakimbilia tarishi.

"Ulimwambia baba?"

"Nini?" Mume alikuwa na kidude cha kuongozea pampu kifuani, macho kwenye mpira.

"Magongo!"

Mume akayaondoa macho kwenye mpira, akayashusha chini.

"Nilimwambia," akasema. "Nilimwambia zege ni jipya, awe macho."

"Awe macho? Nilikutuma umwambie awe macho?"

"Alikuwa ameshamaliza kufunga boksi, mama pacha. Mgongo unamuuma, usiku analala kwa tabu. Nimwambie abomoe aanze upya? Nikasema asubuhi utapita kukagua, utaona mwenyewe, utamwambia."

"Mimi nimkague baba yako?"

"Sasa mimi ningejuaje kwamba hukagui!"

Alitamani kumpiga na koni ya chuma katikati ya kofia yake ngumu. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, na chini ya hofu kulikuwa na aibu, kwa sababu alijua kwamba alimtuma mtu mpole kwa mtu mpole, kwa jambo lisilotaka upole. Walioneana haya wote watatu mpaka boksi likabaki bila magongo.

"Simamisha pampu," akamwambia.

"Twende hataki isimame."

"Nakwenda kwake. Wewe simamisha."

Twende alimsikiliza kwa sikio moja, huku anahesabu magari yaliyopanga foleni getini. "Tukisimama katikati tunapata mshono," akasema. "La chini likikauka halishikani na la juu. Ukuta wa mionzi wenye mshono ni wa kubomoa, Dada Koni. Unalijua hilo kuliko mimi."

"Mshono unakuja zege likishika. Hili halishiki! Majivu niliyoweka yanalichelewesha, na dawa imeongeza. Nenda kachome ndoo yangu uone, ni uji mpaka chini. Tufunike juu kwa magunia mabichi jua lisilikaushe, tupumzike, mafundi waongeze magongo. Tukirudi tutalikuta bado hai, la juu litaungana nalo kama lilimwagwa pamoja. Hatari yake ndiyo hiyo hiyo inayotupa nafasi. Lakini tukiendelea kupandisha, boksi linapasuka."

"Nani kasema linapasuka?"

"Baba yangu yuko mle ndani!"

Hakuwahi kumwita "baba yangu" mbele ya mtu. Twende akamtazama, akautazama ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze lile neno lake likamkosa. "Simamisheni," akasema. Hapo pampu ilikuwa imeshanyamaza, mume hakungoja.

Ungedhani mambo yameisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Pampu iliponyamaza, toka ujiani sauti ya mzee ikauliza, "Mbona mmesimama?" Fundi mmoja wa nondo, mwenye mdomo usio na mlango, akapaza sauti toka juu ya jukwaa: "Magongo yako hayatoshi, mzee! Dada Koni kasema boksi litapasuka!"

Mbele ya watu wote. Kwa maneno hayo hayo. Dada Koni aliona kama ardhi inamdidimiza. Mtu mwingine akiambiwa hivyo angetoka mbio, na angekuwa na akili. Mzee hakutoka. Kilichosikika kilikuwa nyundo. Ko. Ko. Ko. Alikuwa ameshuka kwenye kona ya chini kabisa, mwisho wa ujia, anakaza kabari zake mwenyewe, anatengeneza kilichosemwa kimeharibika.

Ko. Ko.

Sasa gongo lililobeba mzigo halipigwi nyundo. Fundi yeyote analijua hilo, na mzee alilijua kabla wengi wao hawajazaliwa. Lakini aibu ikimshika mtu mikono inafanya kazi bila kichwa.

Mafundi walitazamana. Mume alikuwa upande wa pili wa shimo, anazunguka mbio, anaruka juu ya mabomba. Aliyekuwa karibu na mdomo wa ujia ni mmoja tu. Dada Koni akavua mkanda wake wa vifaa, akageuka ubavu, akaingia.

Mbao zilikuwa zinatoka jasho. Maji yalijitokeza katika kila kiungo, matone matone, yakitambaa kwenda chini. Kifuani alihisi ubao, mgongoni alihisi udongo, na ubao haukuwa umenyooka. Ulikuwa na kitumbo. Alipitisha kiganja juu yake na kukiondoa upesi, akainama kupita chini ya gongo la kwanza, na la pili, akaendelea. Aliogopa. Alikuwa anawafikiria mapacha wake, nani atawapikia jioni. Mawazo ya kijinga namna hiyo ndiyo yanayokuja.

"Baba, toka."

Nyundo ikasimama. "Rudi, mkwe. Hapa si mahali pako."

"Toka, baba. Tafadhali."

"Nakaza hii moja tu." Ko. "Nani amesema hayatoshi?"

"Ni mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilimtuma mwanao."

"Mwanangu hakuniambia kitu juu ya magongo." Ko.

"Najua! Nilipaswa kuja mwenyewe. Nilikuogopa."

Mzee akageuza kichwa. Alikuwa amechuchumaa, vumbi la mbao kwenye nyusi, na kwa mara ya kwanza alimtazama usoni moja kwa moja. "Uliniogopa mimi?" akauliza, kwa mshangao wa kweli, kama aliyeambiwa kuna watu wanaoogopa kuku.

Na Dada Koni, ambaye hakuwahi kumpandishia sauti mzee yule hata kwa kuita chakula, akapiga kelele mpaka udongo ukamwagika shingoni. "Boksi lako halina kosa, baba! Zege ndilo nililolibadilisha, mimi, kwa mikono yangu! Lote ni uji, mpaka hapo chini ulipo! Tupa nyundo utoke, au na mimi nakaa hapa hapa!"

Akakaa. Akajibwaga chini katikati ya ujia, magoti yamebana ubao. Akili ilikuwa wapi hapo? Ujia ni wa mtu mmoja, mwisho wake umefungwa, na yeye ameketi njiani anamzuia mtu yule yule anayemwambia atoke.

Mzee akamtazama. "Basi simama, mama," akasema polepole. "Nitapitaje?"

Akasimama. Akanyoosha mkono nyuma, akashika mkono wa shati la mzee, akaukamata kama anavyoshika wa pacha barabarani, na wakaanza kutoka kwa ubavu, yeye mbele, mzee nyuma, wakiinama chini ya kila gongo. Gongo moja likalia, mlio mfupi mkavu, ka! Mzee, anayejua sauti za mbao, akamsukuma mgongoni kwa kiganja chote.

"Kimbia!"

Hawakuwa na pa kukimbilia ila mbele. Nyuma yao ubao wa chini ulifunguka, na wala haukutoa kishindo, ulifunguka kama mlango uliosukumwa na mtu aliyebeba kitu mikono yote miwili. Zege likatoka. Lilikuja nyuma yao kimya kimya, kijivu, linameta, likajaza ujia toka upande hadi upande, likawapata miguuni pale pale mdomoni mwa ujia, buti ndefu za mzee zikalizuia, likaingia ndani ya buti fupi za Dada Koni na kumshika. Mikono ikamvuta kwa kwapa. Mkono wake mwenyewe haukuliachia shati. Wakatolewa pamoja, kama kifurushi kimoja.

Halafu wakasimama wote wakaangalia. Juu, zege lilikuwa linashuka ndani ya boksi, linaacha nondo uchi. Chini, ujia ulikuwa unajaa. Lilizunguka kila gongo, likapenya chini ya kila kabari, likafika mwisho kwenye kona aliyokuwa amechuchumaa mzee, likapanda kiunoni, likapanda kifuani mwa mtu, likapita, likatulia. Uso wake ukalala sawa kabisa. Halikuacha tundu.

Twende alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mume alifika akihema, akamkumbatia baba yake kwa nguvu, akageuka kumkumbatia mke, akashindwa achague yupi, akabaki katikati. Mzee hakumtazama. Alikuwa anatazama ile kona.

"Linashika saa ngapi hili?" akauliza. Alimwuliza Dada Koni.

"Jioni, baba. Labda na zaidi."

"Jioni." Akalitafuna neno lile. "Kwa hiyo ningekuwa humo, na lenyewe bado laini, mpaka jioni."

Yule fundi wa nondo mwenye mdomo alikuwa ameketi kwenye jukwaa, kofia mapajani, na mdomo umefungwa.

Dada Koni akaanza kulia. Alilia vibaya, kwa sauti, kamasi na yote, bila kumjali mtu. Alililia zege lake zuri, aliulilia ukuta uliokufa, na zaidi ya hayo aliililia ile kona. Kwa hiyo hakusikia miguu inaanza kuwaka, mpaka mzee alipoangalia chini.

"Buti! Limeingia kwenye buti. Saruji inachoma hiyo, leteni maji! Maji safi, upesi!"

Akamkalisha juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi. Na yeye, mwenye mgongo mbovu, akapiga magoti kwenye tope mbele ya mkwe wake, akashika buti, akaivuta, akaitupa, akavua na soksi. Mafundi wakageuza nyuso, kila mmoja akajipatia kitu cha kutazama. Dada Koni alijaribu kuuondoa mguu. "Baba, acha, nitaosha mwenyewe, baba." Mzee akaushika kwenye kisigino, kwa nguvu ya mtu aliyezoea mbao, akamimina maji na kusugua kwa kiganja, katikati ya vidole, kimoja baada ya kingine.

"Umeweka nini mle?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Baba," mume akaanza, "kosa ni langu, mimi ndiye niliyetumwa nije niku..."

"Wewe nyamaza. Nazungumza na mkwe wangu."

Akamimina tena. Dada Koni akafuta uso kwa mkono wa shati, akaanza kumwambia. Saruji, mchanga na kokoto ni vile vile. Unga wa mawe umekosekana. Majivu yameingia mahali pake, na faida yake ni hii, na ubaya wake ni huu. Dawa imeongezwa kwa ajili ya jua. Mara ya kwanza alisema akiangalia magoti yake, kisha akajikuta anamwangalia mzee, na mzee anaitikia kwa kichwa, anauliza, anarudia, hana haraka.

"Kumbe majivu ndiyo yanayolichelewesha."

"Majivu na dawa, baba. Yote mawili."

"Na hukuwa na namna nyingine."

"Sikuwa nayo. Ila ningekuambia."

"Ungeniambia," mzee akasema. Maji yaliyokuwa yanatoka mguuni sasa yalikuwa meupe, hayana kijivu tena. Akauweka chini taratibu juu ya gunia, akasogeza ndoo.

"Lete wa pili."